Wazazi na wanafunzi hawaoni shule ya Leta namna moja

Maneno ya tume ya masomo katika mukutano mukubwa wa memba, Kolwezi, mbele ya kufunguliwa kwa masomo



Katika mukutano uliopita mulitupa kazi sisi wa tume ya masomo. Kazi yenyewe ilikuwa ulizo moja: kasa ya chama iendelee kulipia watoto wetu katika shule ya sekondari ya Leta iliyo hapa mutaani, ao tuwatoe tuwapeleke katika shule za watu binafsi? Munakumbuka sauti zilivyopanda siku ile. Muzazi mumoja alisema shule ile ilisomesha mafundi na wakubwa wa mine, tusiidharau. Kijana mumoja akajibu pale pale kwamba baba anasema juu ya shule ya zamani, hapana ile ambamo yeye anaingia kila asubui. Watu walicheka. Lakini neno la yule kijana njo tulianzia kazi yetu.

Tulifanya hivi. Jumamosi moja tuliita wazazi peke yao. Jumamosi iliyofuata tuliita wanafunzi peke yao, bila muzazi wala mwalimu, na tukawaahidi kwamba jina la mutu halitatoka. Kisha tulienda kuongea na prefe na walimu. Jina la shule halitasemwa hapa, juu yale tuliyoyasikia yako katika shule nyingi za Leta za eneo hili la shaba, na hatukutumwa kuhukumu mutu.

Kile wazazi walisema

Wazazi wengi walisifu shule. Iko karibu, mutoto anaenda kwa miguu, hakuna feza ya moto ya kila siku. Malipo yake ni madogo kuliko ya shule za watu binafsi. Ni shule ya Leta, karatasi zake zinajulikana, mutoto akifika mwaka wa mwisho ataandikwa kwa Egzamini ya Leta bila mashaka. Na wazazi wanapenda ile adabu: bulu na nyeupe, bendera asubui, anayechelewa anabaki inje ya mulango mukubwa.

Malalamiko yao yaligusa watoto zaidi kuliko shule. Walisema mutoto wa leo hapendi kusoma. Anatoka saa moja asubui, saa ine amekwisha kurudi. Ukimuuliza anasema walitufukuza. Muzazi mumoja alituambia wazi kwamba haamini, anafikiri kijana wake anakimbia masomo. Nyuma ya maneno haya yote, kitu kilitushangaza. Wazazi wale wale waliosifu shule njo walitaka tutoe watoto. Walisema, kama kasa inaweza kulipa pazuri zaidi, juu ya nini mutoto wangu abaki hapa?

Kile wanafunzi walisema

Wanafunzi walianza na malalamiko, na yalikuwa mengi. Banki moja wanakaa wane. Masomo ya kemia yanaandikwa kwenye ubao toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna chupa hata moja ya kuonyesha. Wasichana walisema juu ya choo, kwamba hakina mulango wa kufunga, na siku za mwezi wengine wanabaki nyumbani. Kuna mwalimu anayefika mara moja kwa juma. Kuna makaratasi ya masomo yanayouzwa, na asiyenunua anajua pointi zake zitakuwa namna gani.

Tukawauliza: basi munataka chama kiwatoe? Karibu wote walikataa. Hapo tuliwaomba waeleze.

Musichana mumoja alisema: "Mimi nilianza masomo Zambia, nikarudi, nikaanza tena hapa. Mukinitoa nitaanza mara ya tatu." Kijana mwingine alisema mwalimu wa hesabu anabaki nao nyuma ya masomo bila kuuliza kitu, na mwalimu wa namna ile hamupati kila pahali. Mwingine tena alisema shule hii njo ilimupokea na bulteni ya Kingereza mukononi, wakati pengine walimwambia aende kutafuta karatasi Kinshasa.

Ndugu zetu, munaona namna mambo yanasimama. Muzazi anasifu shule lakini anataka kuitoka. Mutoto anailalamikia lakini anataka ibaki yake, itengenezwe tu. Kama tungesikiliza wazazi peke yao, tungekata shauri baya. Kama tungesikiliza malalamiko ya watoto bila kuwauliza wanataka nini, tungekata shauri lile lile.

Juu ya nini hawaoni sawa

Tulitafuta chanzo, na tukaona kwamba kila mutu anapima shule kwa ile aliyoijua mbele.

Wazazi wengi wa Kolwezi wanapima kwa shule za Gécamines. Toka Leta ilipokamata Union Minière mwaka 1967, na hata mbele yake, kampani ilikuwa baba na mama: shule, hospitali, unga wa kila mwezi. Mutoto wa mufanyakazi alikuwa na kaye na biki bila muzazi kufungua mufuko. Ile dunia ilianguka mbele ya macho yetu. Mwaka 1990 mine ya Kamoto ilibomoka chini ya udongo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile tulioita kuondoka kwa mapenzi, ijapokuwa mapenzi yenyewe yalikuwa madogo. Shule ambayo muzazi anaisifu ilikuwa na ile feza nyuma yake.

Upande wa walimu wa Leta, ni katika mwanzo wa miaka ya 1990, wakati mushahara wao ulikuwa si kitu tena, njo wazazi walianza kuwaongezea. Hapo prime ilizaliwa. Wengi walifikiri ni ya mwaka moja ao miwili. Tuko nayo mpaka leo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya bure katika shule za Leta, na toka mwezi wa tisa wa 2019 serikali ilianza kulitimiza. Lakini sekondari haikuingia ndani. Kwa hiyo muzazi anapumua miaka sita, kisha mutoto anaingia mwaka wa saba na malipo yote yanafika mara moja. Mwaka ule njo tunaona watoto wetu wengi wanapotea.

Watoto wetu wao hawakujua Gécamines. Wengine wao wanapima kwa Zambia. Munajua sisi ni nani: wengine walivuka mupaka na wazazi wao katika vita ya 1977 na ile ya 1978, wengine waliondoka nyuma, kwa vita zingine ao kwa njaa. Kambi ya Meheba, karibu na Solwezi, ilifunguliwa 1971, na kuna watu wazima hapa ndani waliozaliwa kule. Toka 2022 Zambia iliondoa malipo katika shule za serikali mpaka grade 12. Mutoto aliyesoma kule, ao mwenye binamu anayesoma kule sasa, hawezi kuelewa juu ya nini hapa anasimamishwa inje kwa sababu ya feza ya mwezi. Kwa baba ni jambo la kawaida, yeye pia alifukuzwa. Kwa mutoto ni haya kubwa.

Matata ya luga

Hapa wazazi na watoto walipingana kabisa. Watoto waliotoka Zambia walisoma kwa Kingereza, waliotoka Angola walisoma kwa Kireno. Hapa masomo ya sekondari ni Kifaransa, ijapokuwa madarasa ya kwanza ya shule ya musingi yanaanza na Kiswahili. Kijana aliyekuwa grade 10 anateremushwa mpaka mwaka wa saba ao wa nane, anakaa na watoto wanaomufika kifuani. Wazazi wanasema shule iliwadharau watoto. Wanafunzi wenyewe, tulipowauliza, hawakukazia sana kuteremushwa. Walikazia kwamba nyuma ya kuteremushwa hakuna anayewafundisha kile kilichowateremusha.

Mufano mumoja tu. Kule Zambia mutu anaandika nusu ya kumi kwa nukta, hapa kwa koma, hata kugawanya hesabu hawapangi namna moja kwenye karatasi. Kijana anajua kabisa kutafuta ukubwa wa shamba la mviringo, lakini ulizo limeandikwa kwa Kifaransa, na jibu lake, hata likiwa la kweli, linaandikwa kama vile hapa hawaandiki. Anapata sifuri. Muzazi anaona sifuri kwenye bulteni na anasema mutoto ni mujinga ao muvivu. Mutoto anasema: "Hesabu najua, maneno yake njo sijui." Hao wawili wanaangalia bulteni moja.

Tunakumbusha kwamba Egzamini ya Leta, iliyoko toka 1967, ni moja kwa inchi nzima na iko kwa Kifaransa. Mwenye kufika pale na Kifaransa cha kubahatisha anaweza kujua kila kitu na kukosa diplome.

Kufukuzwa, na karyeri

Sasa tufike kwenye neno zito. Wale watoto wanaorudi saa ine hawakimbii masomo. Tuliuliza shule, wakakubali: kila mwezi, siku za kukagua malipo, wasiolipa wanatoka. Ni kweli, wanafukuzwa.

Muzazi anafikiri kufukuzwa ni namna ya shule ya kumukumbusha yeye. Ni barua inayopitia kwa mutoto. Lakini angalieni siku yenyewe. Saa tatu ya asubui mutoto yuko barabarani na nguo ya shule. Nyumbani mulango umefungwa, mama yuko sokoni, baba yuko kazini ao anaitafuta. Karyeri iko wazi, na pale hakuna anayeuliza resu. Kuokota mawe, kuosha, kubeba: magaribi ana feza kidogo mukononi. Kijana mumoja alituambia alienda mara ya kwanza ili apate malipo ya mwezi ule tu, arudi darasani. Alipata, akarudi. Mwezi uliofuata akafukuzwa tena, na mara hii alijua njia.

Hatuna lazima ya kuwaelezea Kasulo. Toka 2014, wakati kobalti ilipoonekana chini ya maparseli, muliona watu wakichimba mpaka ndani ya nyumba. Muliona udongo ukifunika watu. Inchi yetu inatoa karibu sehemu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia nzima, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inakataza kumutia katika kazi kama zile. Sheria iko. Lakini sheria haisimami pale mulangoni mwa shule saa tatu ya asubui.

Neno tulilotaka wazazi walisikie kutoka kwa watoto wao ni hili, nalo lilisemwa na wengi: siku unayokosa si moja. Ukifukuzwa jumatatu, ukarudi alhamisi, somo la hesabu limepita, unaandika kitu usichokielewa, unaanza kuogopa ulizo la mwalimu, na kisha hata siku umelipa unaona afazali kubaki inje. Njo namna muvivu anavyotengenezwa.

Kile walimu walijibu

Tulienda kwa prefe na hasira kidogo, tukatoka tumenyamaza. Alituonyesha kwamba kati ya walimu wake kuna ambao hawajaingia katika liste ya mushahara ya Leta. Wanafundisha, lakini Kinshasa haiwalipi. Wanakula kwa malipo ya wazazi. Wazazi wakichelewa, mwalimu anaenda kutafuta maisha pengine, naye pia wakati mwingine ni kwenye mawe. Yule mwalimu anayefika mara moja kwa juma, tulimujua hapo. Kila mwaka tunasikia walimu wakigoma juu ya mishahara katika sehemu nyingi za inchi, na watoto wanapoteza majuma. Kwa hiyo shule inafukuza ili mwalimu abaki, na mutoto anayefukuzwa anaenda kule mwalimu angeenda.

Hatusemi hivi ili kufunika makosa. Makaratasi ya lazima yanayouzwa si sawa, tulimwambia prefe, naye hakukana. Kila mwaka gavana wa jimbo anatia sahihi kwenye amri inayopanga malipo ya shule. Muzazi ana haki ya kuiona, kulinganisha, na kuuliza resu kwa kila franga. Wazazi na wanafunzi, hapa walikuwa sauti moja: hawachukii kulipa, wanachukia kulipa kitu wasichojua jina lake.

Shauri tunaloweka mbele yenu

La kwanza. Kasa isitoe watoto katika shule ya Leta. Jamaa inayotaka kuhamisha mutoto wake ina ruhusa yake, lakini kwa malipo ya mutoto mumoja katika shule ya mutu binafsi tutaacha wengine inje. Na watoto wenyewe wameomba kubaki.

La pili. Tubadilishe wakati wa kulipa. Mpaka sasa tunasaidia wakati muzazi anakuja kulia, ni kusema nyuma ya mutoto kufukuzwa. Tulipe mwanzo wa kila trimestre, moja kwa moja kwenye kasa ya shule, na resu kwa jina la mutoto. Feza isipitie mukononi mwa mwanafunzi wala mwa muzazi. Muzazi atalipa chama sehemu yake kidogo kidogo, kila mwezi, kadiri anavyopata. Prefe amekubali kwamba mutoto mwenye barua ya chama atabaki darasani wakati tunamaliza malipo.

La tatu. Kifaransa. Jumamosi asubui na wakati wa konje kubwa, vijana wetu waliokwisha kupata diplome watafundisha wale waliorudi juzi: maneno ya hesabu, ya kemia, namna ya kusoma ulizo la egzamini. Tunahitaji nafasi, choki na kamusi chache.

La ine. Wazazi wetu wawili wajitoe kwa uchaguzi wa kamati ya wazazi ya shule. Tunasema mengi hapa chini ya muti, lakini pale ambapo malipo yanazungumuzwa hatuna kiti. Na mara moja kwa trimestre wawakilishi wa madarasa wasikilizwe na kamati, kwanza juu ya choo cha wasichana, ambacho kinahitaji mulango tu na kufuli.

La tano. Kodi ya mine, ya 2018, inalazimisha kampani kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na 15 kwa mia ya redevansi ya mine inapashwa kufika kwenye komini ao sheferi ambamo mine iko. Banki, laboratwari, choo: viandikwe katika maombi ya mutaa, na sahihi za wazazi chini yake. Hatuendi kuomba zawadi kwenye mulango wa kampani. Ni kitu kilichoandikwa.

Kwa wasaidizi wetu

Ninyi mulio mbali munatuuliza kila mara ni nini kinachofaa zaidi. Jibu letu ni wakati. Masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa. Musaada mudogo unaofika mwezi wa nane unabakisha mutoto darasani. Musaada mukubwa unaofika mwezi wa pili unamukuta akiwa karyeri, na kumutoa kule ni kazi ya mwaka muzima. Kwa wale wa mwaka wa mwisho, tunaomba malipo ya Egzamini ya Leta yawe mukononi mwetu mapema, juu asiyeandikwa kwa wakati anangojea mwaka mwingine.

Munatuomba pia picha za watoto. Tutatuma resu na bulteni zisizo na majina. Hatutatuma picha ya mutoto akiwa na mawe kichwani.

Ba mama na ba baba, neno la mwisho. Leo magaribi, ukirudi nyumbani, uliza mutoto wako siku ngapi alifukuzwa mwaka uliopita. Usimukatize. Na ninyi vijana, muzazi anaposema shule ile ni nzuri, mujue anasema juu ya kile alichokiona nayo zamani na kile anachotamani kwenu. Musicheke.

Sasa tunaweka mashauri matano haya mbele ya mukutano, moja moja, ili mupige kura. Tunaomba wanafunzi wa miaka 18 na zaidi walioko hapa wapige pamoja nasi.